Kisiki alichokikata miaka arobaini

Neno la wiki: Ayubu 14:7-10, Isaya 11:1, Mwanzo 2:15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Oktoba ya mwaka juzi nilikuwa na watoto wa darasa la kipaimara, tunarudi kumtembelea mgonjwa. Kwetu Ugogo huo ndio msimu wa kuberega: watu wako mashambani wanafyeka, wanakusanya, wanachoma, wanaingoja mvua. Tukapita shambani kwa bibi mmoja wa kanisani kwetu. Alikuwa ameinama na panga lake juu ya kisiki, anakata machipukizi yaliyokuwa yamemfika magotini. Tukamwamkia, akajiinua taratibu huku ameshika kiuno. Mtoto mmoja akamwuliza, "Bibi, kwa nini usiking'oe kabisa upumzike?"

Akasema, "Mjukuu wangu, hiki nilikikuta nilipoolewa hapa. Miaka arobaini nakikata. Kila mwaka kinarudi."

Yeye alilisema kama mtu aliyechoka na adui yake. Mimi nikabaki nimesimama pale, watoto wakanipita. Miaka arobaini! Moto umekipitia kila kiangazi, mbuzi wamekitafuna, panga limekipiga, mvua zimekosekana miaka tuliyokula mahindi ya msaada, na huko chini mizizi yake haijaachia. Kumbe kile tulichokuwa tukikiita kichaka ni mti mzima ambao haujawahi kupewa nafasi ya kuwa mti.

Usiku ule nilifungua Ayubu 14. Ayubu anasema mti una tumaini: hata ukikatwa, hata shina lake likifa udongoni, ukinusa maji tu unachipua tena. Andiko hili tunalipenda, tunalisoma siku za kupanda miti, tukaishia mstari wa tisa. Ayubu hakuishia hapo. Mstari wa kumi anageuka kwa uchungu: lakini mwanadamu akifa, yuko wapi? Ayubu anauonea mti wivu. Amekatwa yeye, watoto wake wamekatwa, na anauona mti una kitu ambacho yeye hana.

Jibu la kilio chake linakuja mbali sana, kwa Isaya: "Basi litatoka chipukizi katika shina la Yese, na tawi litakalotoka katika mizizi yake litazaa matunda." Nyumba ya Daudi, mwana wa Yese, ilikuwa imefyekwa mpaka chini. Mungu alirudi kwenye kisiki kile kile ambacho watu walishakihesabu kuwa kuni. Wokovu wetu, wapendwa, umechipuka kwenye kisiki. Tangu nilielewe hilo, sijui tena kupita shambani mwa watu bila kuangalia chini.

Kuna ndugu mmoja ambaye Mungu alimfundisha jambo hili kabla yetu, na habari zake zinajulikana duniani. Anaitwa Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia. Mwaka 1981 alikwenda Niger na mkewe kama wamisionari, wakakaa eneo la Maradi, pembezoni mwa jangwa la Sahara. Kazi yake ilikuwa kupanda miti. Alikuza miche, akaisambaza, ikafa. Akapanda tena, ikafa tena. Mingine ilikufa kwa kiu, mingine ililiwa na mifugo, na wakulima wenyewe hawakuona sababu ya kumwagilia mti wakati watoto wana njaa. Alifika mahali pa kutaka kuacha na kurudi kwao.

Siku moja mwaka 1983 alikuwa njiani na gari lililobeba miche. Akasimama apunguze upepo kwenye matairi ili gari lipite mchangani. Pande zote ni jangwa tupu, upeo wa macho. Amesimulia mwenyewe kwamba aliomba pale: alimwomba Mungu msamaha kwa jinsi tulivyoiharibu kazi ya mikono yake, akaomba afunguliwe macho. Kisha akaona kichaka kidogo kando ya njia, kama vile alivyoviona maelfu kabla. Akakisogelea, akatazama umbo la jani. Hakikuwa kichaka. Ulikuwa mti uliokatwa, unachipua kutoka kwenye mizizi yake. Msitu ulikuwa chini ya miguu yake muda wote, umezikwa, unaombea nafasi.

Tangu hapo hakubeba tena mzigo wa kuleta miti. Akawaomba wakulima wachache wachague machipukizi machache kwenye kila kisiki, wapunguze mengine, wayalinde. Wengine walichekwa na majirani, wengine miti yao ilikatwa usiku. Njaa kubwa ya mwaka 1984 ilipokuja, watu walipewa chakula kwa kazi ya kutunza visiki. Njaa ilipokwisha, miti mingi ikakatwa tena. Hapo ndipo wengi wetu tungeandika ripoti ya kushindwa. Lakini kulikuwa na waliokuwa wameonja: upepo umepungua, mtama umesimama, kuni ziko karibu na nyumba. Hao hawakurudi nyuma, na jirani akajifunza kwa jirani. Watafiti waliopima baadaye kwa picha za setilaiti walikadiria hekta milioni 5 zilizorudishiwa miti nchini Niger kwa muda wa miaka ishirini hivi, miti kama milioni 200, karibu yote bila kupandwa. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood kwa kazi hiyo.

Mwaka huo huo wa 2018 kazi kama hiyo ilikuwa inashika kasi hapa kwetu Dodoma, kupitia shirika la LEAD Foundation na wenzao Justdiggit wa Uholanzi, na wengi wenu mnaijua kwa jina lake tamu la Kiswahili: Kisiki Hai. Unachagua machipukizi yaliyonyooka, unapogolea mengine, unafunga kitambaa ili apitaye ajue hapa pana mwenyewe, kisha unalinda. Hakuna anayehitaji kununua kitu. Panga unalo, kitambaa cha khanga iliyochakaa unacho.

Sasa niseme na walimu wenzangu, wa shuleni na wa shule ya Jumapili, maana ndiko moyo wangu uliko.

Nimefundisha miaka mingi. Katika shule moja niliyopita, tulipanda miche kila mwaka siku ya miti. Mgeni rasmi alikuja, kwaya iliimba, picha zilipigwa. Mvua ya Dodoma kwa mwaka haifiki hata milimita 700, na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Ikifika Agosti, miche ile ilikuwa vijiti. Mwaka uliofuata tulichimba mashimo yale yale. Sisemi kupanda ni kosa. Kule Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo wa KKKT ameitwa "askofu wa miti" kwa sababu aliwafanya vijana wa kipaimara wapande miti kama sehemu ya mafundisho yao, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kila udongo una lugha yake. Sisi huku tulikuwa tukichimba mashimo ya miche katikati ya visiki vilivyo hai, na kabla ya kupanda tulivifyeka visiki ili kiwanja kipendeze.

Na hivyo ndivyo nilivyofundisha watoto. Niliingia darasani nikiwaona kama kiwanja kitupu, nikaleta miche yangu: maelezo ubaoni, wanakili, wanakariri. Mtoto wa mfugaji aliyejua majina ya nyasi ishirini na dalili za mvua nilimwita mzito kwa sababu hakuweza kuandika tahajia. Nilimfyeka mbele ya wenzake. Mwaka uliofuata alichipua tena, akanyoosha mkono, nikamfyeka tena. Wa namna yake walikuwa wengi, lakini huyo mmoja sura yake ninayo mpaka leo, na nimemwomba Mungu msamaha kwa ajili yake. Yakobo anatuonya tusikimbilie kuwa walimu wengi, kwa kuwa hukumu yetu ni kubwa zaidi. Zamani nilidhani anazungumza juu ya mafundisho ya uongo. Siku hizi nasikia pia habari ya panga.

Ya Bwana wetu ni tofauti. "Kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa." Chuma ni kile kile, lakini mkono unajua unachokitafuta. Anayefyeka anataka kiwanja kiwe safi. Anayepogolea ameshauona mti.

Katika kijiji ni hivyo hivyo. Wazee wa Kondoa wanaukumbuka mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa kwa amri katika maeneo yaliyomomonyoka, chini ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973. Majani na miti vilirudi kweli, silikatai hilo. Ila mtu aliyeondolewa ng'ombe wake hawi mlinzi wa mti. Anasubiri mlango ufunguliwe. Shinyanga palikuwa na njia nyingine. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu kwa babu zao: eneo linalofungwa mvua zikianza, majani yakue, kisha lifunguliwe mifugo ile wakati wa kiangazi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 ulipata nguvu uliposimama juu ya ngitili hizo, juu ya maarifa ambayo watu walikuwa nayo tayari. Nayo yalikuwa kisiki.

Kwetu tulipoanza kutunza visiki, kikwazo kilikuwa mbuzi. Tulihubiri kanisani, tukaimba, mbuzi wakala machipukizi. Kisha mama mmoja wa Umoja wa Wanawake akasema neno ambalo sikulifikiria: "Mnawahubiria wenye mbuzi. Anayeshinda na mbuzi ni mtoto." Kweli. Wachungaji wa mbuzi walikuwa wamekaa mbele yangu kila Jumamosi katika darasa la kipaimara! Tukaacha kitabu kwa wiki mbili tukaenda nao machungani. Wao ndio walionionyesha kisiki kipi kina uhai na kipi kimekufa: unakwaruza gome kwa kucha, chini yake kukiwa na kijani, ki hai. Wao ndio walioamua njia ya kupitishia mbuzi. Na yule mtoto aliyemwuliza bibi swali lile ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya vitambaa.

Wako vijana wetu waliomaliza chuo ambao wananiuliza, "Mwalimu, nimtumikie Mungu au niende na taaluma yangu ya kilimo?" Au, "Nifundishe au niingie huduma?" Swali hilo linaniumiza, kwa sababu sisi ndio tuliowafundisha kuligawanya. Tazama Mwanzo 2:15: "BWANA Mungu akamtwaa huyo mtu, akamweka katika bustani ya Edeni, ailime na kuitunza." Katika Kiebrania maneno hayo mawili ni abad na shamar, kutumika na kulinda. Maneno hayo mawili yanarudi pamoja katika Hesabu 3, pale Walawi wanapopewa kazi ya kuhudumu na kulilinda hema la kukutania. Kazi ya Adamu shambani na kazi ya Mlawi hemani zimeandikwa kwa maneno mamoja. Kwa hiyo mwanangu, ukisimama shambani kwa mama mjane ukamwonyesha machipukizi ya kuacha, huko hujatoka nje ya hema. Usisubiri tukuwekee mikono ndipo uamini kwamba umeitwa.

Wala usidhani kazi hii ina sifa za haraka. Mwaka wa kwanza hakuna anayeona kitu. Mwaka wa pili mtu atakwambia unaharibu shamba la mahindi. Utahitaji kukaa na mtendaji wa kijiji, kukaa na wafugaji, kunywa uji mwingi kwenye nyumba za watu, na kurudia jambo lile lile bila kukasirika. Paulo alisema yeye alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu. Sisi hata kupanda hatukupanda. Tumekuta.

Jumamosi hii tutakutana kanisani saa moja asubuhi, tuende mashamba ya upande wa korongo kabla watu hawajaanza kufyeka. Njoni na panga lenye makali na vitambaa vya rangi inayoonekana. Wazee msiogope umbali; tunahitaji macho yenu zaidi ya mikono.

Juzi nilipita tena kwa bibi. Ameacha machipukizi matatu kwenye kile kisiki, na yamempita kimo. Yale aliyoyapogolea alishayapikia. Amefunga kipande cha khanga ya bluu, kimepauka kwa jua. Watoto niliokuwa nao walikuwa wapya, wa mwaka huu, na mmoja akasema, "Mwalimu, hiki ndicho kisiki cha bibi?"

Bibi akamkata kauli. "Si kisiki," akasema, mkono wake uko kwenye shina. "Ni mkungugu."