Mlio mmoja, kipande kimoja: nilivyoanza kumfundisha Doa kwa klika

Doa, mtoto wangu wa mbwa, alifika nyumbani akiwa na umri wa wiki 9, na siku tatu za mwanzo alikuwa akiuma tu: vidole vyangu, kamba za viatu, pindo la suruali. Kila akiuma nilimkemea. Siku ya nne nikaona kwamba nikiinua sauti anajikunyata na kurudi nyuma, mkia katikati ya miguu. Jambo hilo liliniuma kuliko meno yake. Sikutaka kulea mbwa anayeniogopa, nikaamua kujaribu klika, kile kidude kidogo cha kushika kiganjani ambacho ukikibonyeza kinalia tak.

Kidude chenyewe hakina nguvu yoyote. Mlio wake ni kelele tu mpaka mbwa ajue kwamba kila ukilia, chakula kinafuata. Kwa hiyo jioni ya kwanza sikumfundisha kitu. Niliketi sakafuni na kibakuli cha nyama iliyochemshwa, nimeikata vipande vidogo kama punje za mahindi. Nikabonyeza, na papo hapo Doa akatimua mbio chini ya kiti! Sauti ilikuwa kali mno kwa masikio yake. Nikaiviringisha klika ndani ya soksi nene, nikaanza upya kwa mlio uliofifia. Tak, kipande. Tak, kipande. Baada ya mara 15 hivi nilingoja mpaka akageukia kwingine kunusa zulia, nikabonyeza. Aligeuka upesi akautazama mkono wangu. Hapo nikajua tumeelewana.

Kilichonisaidia kuielewa njia hii ni habari za pomboo. Mnyama akiruka katikati ya bwawa huwezi kumpa samaki akiwa hewani, na akisharudi kando hajui tena analipwa kwa lipi. Ndiyo maana wakufunzi wao hupuliza filimbi palepale anaporuka, samaki akaja baadaye. Klika inafanya kazi ileile. Inamwambia mbwa: hilo ulilolifanya sasa hivi, ndilo hilo.

Na hapo kwenye "sasa hivi" ndipo nilipokosea kwa wiki nzima.

Nilitaka Doa ajifunze kukaa. Alikuwa akikaa, kisha anainuka kama aliyechomwa na sindano. Nikadhani ni utoto. Siku moja nikaiegemeza simu ukutani nikajirekodi, na nilipotazama nikaona mambo yalivyo: mlio ulikuwa unatoka makalio yake yakiwa yameshaachana na sakafu. Nilikuwa namlipa kwa kuinuka! Alikuwa mwanafunzi mzuri kabisa, anajifunza barabara kile nilichokuwa nikimfundisha.

Dawa yake niliipata bila mbwa. Nilimwacha Doa chumba cha pili, nikawa naudundisha mpira na kubonyeza klika kila unapogusa sakafu. Mwanzoni nilichelewa karibu kila mara. Dakika tano kwa siku, siku tatu, mkono ukaanza kuwahi. Namshauri yeyote anayeanza afanye zoezi hili kabla hajamgusa mbwa, maana mtoto wa mbwa hukariri makosa yetu upesi kama anavyokariri mema.

Rekodi ileile ilinionyesha kosa jingine: mkono wa nyama ulikuwa unasogea kabla ya mlio, kwa hiyo Doa alikuwa anaufuata mkono, hasikilizi chochote. Nikaanza kuuweka nyuma ya mgongo, usitikisike mpaka klika ilie. Neno "kaa" pia nililiacha kwa muda. Nilikuwa nalirudia mara sita mfululizo, nalo likawa kelele tu kwake. Nilikaa kimya, nikangoja akae mwenyewe, nikabonyeza. Alipokuwa anakaa kwa hiari yake mara nane katika kumi ndipo nikalirudisha neno, mara moja tu, sekunde chache kabla hajakaa.

Kuna nyakati nilibonyeza kwa bahati mbaya, akiwa hajafanya lolote. Nilimpa kipande vilevile. Ahadi ni deni, na mlio ule ni ahadi. Ukiuvunja, mbwa ataacha kuuamini.

Vipindi vyetu vilikuwa vya dakika mbili, mara nne kwa siku, kabla hajala. Nyama niliyompa niliipunguza kwenye chakula chake cha siku, asije akanenepa.

Na kuuma? Hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Nilimwekea kiganja wazi mbele ya pua. Akinusa bila kufungua mdomo, tak. Akiuma, mkono unaondoka kimyakimya na hakuna kitu. Siku ya pili alikuwa anakimbia kutoka upande wa pili wa chumba kuja kukigusa kiganja kwa pua, mkia ukipepea, meno yake ameyafungia ndani. Mimi niliyekuwa nikimkemea kutwa sikuwa nimesema neno hata moja.

Sasa ana wiki 15. Kwa kukaa hahitaji klika tena. Namwambia "vizuri", mara nyingine nampa kipande, mara nyingine namkuna kifua. Klika nimeihamishia kwenye kumzoeza kukatwa kucha. Namshika mguu, nikihesabu sekunde moja ametulia, tak. Miguu ya mbele jana tulifika sekunde nne. Ya nyuma bado anaivuta, nami nimerudi kwenye kugusa tu paja na kulipa.