Samaki uchi wa Ziwa Qinghai

Kama umezoea samaki wa kufuga, wale wa miezi sita minane unamtoa bwawani anauzika, basi huyu ninayetaka kumwongelea leo atakukera kabisa. Huyu anachukua kama miaka kumi kufikisha nusu kilo. Ndiyo, kumi. Mtoto anazaliwa, anaanza shule, anafika darasa la nne, samaki wako bado ndiyo kwanza anajaza kiganja cha mkono vizuri.

Kwa Kichina anaitwa huangyu, kitaalamu ni Gymnocypris przewalskii, ni jamii ya karpu kwa hiyo kiukoo ni ndugu wa mbali wa ningu na kuyu, ila yeye kwao ni Ziwa Qinghai, kaskazini mashariki mwa uwanda wa juu wa Tibet, mita kama 3,200 kutoka usawa wa bahari. Ni ziwa kubwa kuliko yote China, lina kilomita za mraba 4,000 na ushee, na maji yake ni ya chumvi, siyo chumvi ya bahari lakini chumvi ya kutosha kabisa kukuharibia chai. Majira ya baridi linaganda juu lote. Hilo jina la kitaalamu linatokana na Przhevalsky, yule mvumbuzi Mrusi aliyezunguka sana Asia ya kati karne ya 19 (jamaa ana farasi wa jina lake, ana swala wa jina lake hukohuko Qinghai, na samaki pia akapewa) na samaki huyu aliingizwa rasmi kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1876.

Mimi kilichonivuta kwanza ni ngozi. Huyu samaki hana magamba. Ukimwangalia picha ya karibu unaona mwili laini, mgongo rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, tumbo jeupe la kunjano, na mabakamabaka ubavuni kama mtu kampaka tope halafu akajuta. Sasa sogea nyuma, pale karibu na tundu la haja, utakuta mistari miwili ya magamba yaliyojipanga kulia na kushoto kama vigae vya paa, yanashuka mpaka kwenye pezi la nyuma. Na mengine machache nyuma ya kichwa, begani hivi. Basi, ndiyo hayo tu. Kwingine kote ni uchi.

Na hayo magamba ya nyuma ndiyo kitambulisho cha ukoo wao mzima, maana huyu hayuko peke yake, kuna kundi kubwa la karpu wa milimani waliosambaa Himalaya, Tibet, Kashmir, Nepal mpaka kule Asia ya kati, na karibu wote wana hiyo mistari miwili ya vigae. Miongoni mwa wa mwanzo kuandikwa ni wa Kashmir, Mwaustria mmoja anaitwa Heckel aliwachapisha mwaka 1838. Nepal kuna ziwa linaitwa Rara, liko karibu mita 3,000, na humo ndani kuna aina tatu za samaki hawa ambao hawapatikani popote pengine duniani.

Wanasayansi wa China waliwagawa kwa madaraja matatu na mgawanyo huo ukishauelewa hausahau. Wa chini milimani, hao bado wana magamba madogomadogo mwili mzima na sharubu nne mdomoni. Ukipanda juu zaidi unakuta wenye magamba ya kupunguapungua na sharubu mbili tu. Ukipanda juu kabisa, huko mita elfu tatu, nne, unakuta akina huangyu, magamba karibu yameisha na sharubu hakuna. Yaani ni kama mtu anayepanda mlima huku anatupa mizigo njiani. Hoja yao ni kwamba uwanda wa Tibet ulivyokuwa unainuka kwa mamilioni ya miaka, maji yakazidi kuwa baridi, na samaki nao wakabadilika kwa awamu. Mimi naipenda hiyo hoja japo najua mambo ya maumbile hayaendagi kwa ngazi zilizonyooka hivyo.

Turudi kwenye ziwa maana utamu wenyewe uko hapo. Zamani Qinghai lilikuwa na njia ya kutokea, maji yake yalikuwa yanateremka kuingia Mto Njano, ziwa lilikuwa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kama maziwa mengine. Halafu ardhi upande wa mashariki ikainuka, mlima Riyue ukaziba njia, na mto uliokuwa unatoa maji ukageuka kuanza kuyaleta. Upo mpaka leo, unaitwa Daotang, unatiririka kuelekea magharibi wakati mito mingi ya China inaelekea mashariki. Ziwa likabaki halina mlango. Maji yanaingia, yanatoka kwa kukauka na jua na upepo tu, chumvi inabaki, mwaka baada ya mwaka. Na samaki waliokuwa ndani nao wakafungiwa humohumo. Ndugu zao waliobaki upande wa Mto Njano wapo hadi leo kwenye maji yasiyo na chumvi, wao wanaitwa Gymnocypris eckloni.

Sasa mtu yeyote anayejua samaki kidogo atasema hapo huyo kafa. Samaki wa maji baridi ukimweka kwenye chumvi anataabika, na hapa siyo chumvi tu, maji yenyewe yana alkali, pH inapita 9, magnesiamu nyingi, na karpu wengi hapo wangekuwa wanaelea tumbo juu. Huangyu yeye kalitumia tatizo kujinufaisha. Iko hivi: samaki akiwa mtoni damu yake ina chumvi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji yanamwingia muda wote na chumvi inamtoka muda wote, inabidi apige pampu usiku na mchana, matamvua yavute chumvi kutoka kwenye maji, figo zitoe mkojo mwingi mwepesi kupunguza maji mwilini. Hiyo kazi inakula nguvu. Akiteremka ziwani anakuta chumvi ya maji iko karibu sawa na ya damu yake, kama theluthi ya chumvi ya bahari hivi. Basi anazima pampu. Watafiti waliomhamisha kutoka maji ya mto kwenda maji ya ziwa walipima wakakuta ndani ya siku moja mbili matumizi yake ya oksijeni yameshuka kwa kama asilimia 40, kazi ya pampu za kwenye matamvua na figo imeshuka, mkojo karibu umekatika. Yaani kwake ziwa ni likizo na mto ndiyo kazini.

Nilipofika hapo kwenye kusoma ndipo nikaanza kumwelewa huyu samaki. Huko juu hewa ni nyembamba, oksijeni kwa kila pumzi ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, chakula ni wadudu wadogodogo wa majini na mimea, msimu wa joto ni mfupi halafu barafu inafunga miezi kadhaa. Mahali kama hapo anayetumia kidogo ndiye anayebaki. Kukua polepole siyo ulemavu, ni bajeti.

Na hayo matamvua nayo yana mambo yake. Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 2008, waliwaweka kwenye maji yenye oksijeni kidogo sana kwa saa 24 na matamvua yakabadilika umbo, yale majani yake membamba yakachomoza nje na eneo la kuvutia hewa likaongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Siku moja tu! Bila shaka kuna gharama, maana eneo la kuvuta hewa likiwa kubwa ndiyo hivyo na chumvi inapata nafasi kubwa ya kuvuja, kwa hiyo hakai hivyo muda wote, anafungua akibanwa.

Lakini hizo akili zote zina tundu moja kubwa: ziwani hazaliani. Lazima apande mtoni. Kila mwaka kuanzia kama Mei mpaka Agosti wanajaa kwenye midomo ya mito, Buha ambao ndiyo mkubwa kuliko yote, Shaliu, Quanji, Heima, wanapanda kwa maelfu kutafuta changarawe na maji mepesi yasiyo na chumvi watage, kisha wakubwa wanarudi ziwani na vifaranga vinafuata mkondo baadaye. Wenyeji wana msemo kwamba mto unakuwa nusu maji nusu samaki, na ukitazama video za Shaliu pale mjini Gangcha huoni kama wametia chumvi. Kuna sehemu maji yanafika nusu ya mwili tu, migongo yote iko nje imelowa inang'aa, wamebanana wamegeukia upande mmoja, mmoja anaruka kidaraja anagonga zege anarudishwa na maji, anajipanga tena, anaruka tena. Juu yao shakwe wanazunguka. Hawana hata haja ya kuwinda, wanashuka wanaokota. Minandi nao wamo, na ndege wengi wa ziwa lile wanalishia makinda yao hapo, kwa hiyo samaki akipungua na ndege wanapungua, hiyo haihitaji profesa.

Na alipungua kweli. Miaka ya nyuma kabisa samaki hawa ziwani walikadiriwa kufika tani 320,000. Halafu ikaja ile njaa kubwa ya China mwishoni mwa miaka ya 1950, watu wakapelekwa ziwani kuvua, na mwaka 1960 peke yake walitolewa zaidi ya tani 28,000. Hapo mimi simlaumu mtu. Mtu mwenye njaa humwambii samaki huyu anakua polepole muache, na huyo huangyu aliokoa maisha ya watu wengi sana kwenye ule mkoa. Kinachoniudhi ni miaka iliyofuata, njaa imeisha lakini nyavu zikaendelea tu kana kwamba ziwa ni bwawa la perege. Kufika mwaka 2002 waliokuwa wamebaki walikadiriwa kuwa kama tani 2,600. Hebu zilinganishe hizo namba mbili mwenyewe.

Marufuku zilianza mwaka 1982, za mwanzo zilikuwa za nusunusu, wanafunga lakini wanaruhusu kiasi fulani kivuliwe kila mwaka. Kuanzia 2001 ndipo wakafunga kabisa miaka kumi, wakaongeza kumi mingine, na sasa wako kwenye ile ya 2021 mpaka 2030. Kuanzia 2002 pia wanakamua mayai ya samaki wa mtoni, wanaangulia kwenye kituo, wanakuza vifaranga na kuviachia. Mwaka 2020 makadirio yalipita tani 100,000.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na namna habari hii inavyosimuliwa, maana ukiisoma sehemu nyingi ni marufuku na vifaranga, marufuku na vifaranga. Sawa, vyote vimesaidia. Lakini mito je? Kwa miongo mingi mito ile ilijengwa mabwawa ya umwagiliaji, maji yakawa yanachepushwa mashambani hukohuko Juni na Julai samaki anapopanda, vijito vingine vikakauka kabisa. Samaki anafika anakuta ukuta. Au anavuka, anataga, wiki ijayo maji yamefungwa, mayai yanabaki juu ya mawe makavu. Unaweza kupiga marufuku nyavu miaka mia lakini kama mlango wa leba umefungwa utakuwa unahesabu wazee tu. Kwa maoni yangu kazi kubwa kuliko zote iliyofanyika pale ni zile ngazi za samaki, zile za zege za kushuka hatua kwa hatua walizojenga Shaliu na Quanji kwenye vizuizi, pamoja na kubomoa baadhi ya vizuizi vyenyewe. Picha zake hazivutii kama za waziri anamwaga ndoo ya vifaranga, ndiyo maana huzioni sana.

Ziwa lenyewe pia limewasaidia. Lilikuwa linashuka kina tangu miaka ya 1950, likapoteza mita tatu na zaidi, halafu kuanzia kama 2005 likaanza kupanda tena, mvua zimeongezeka na mito inaleta maji mengi. Hiyo siyo sera ya mtu, ni hali ya hewa, na hali ya hewa inaweza kugeuka.

Ah na kama kuna mtu ashaanza kufikiria kitoweo: mayai ya karpu hawa wa milimani yana sumu, hasa wale wa kundi la Schizothorax (wale wa daraja la chini wenye magamba), kule Kazakhstan wavuvi wanajua kabisa kwamba mayai pamoja na ule utando mweusi wa tumboni unatupwa kabla ya kupika. Na Watibeti wengi wa kandokando ya ziwa kwa desturi hawali samaki, kwa hiyo nyavu zilizokomba pale nyingi hazikuwa zao.

Sasa watu wanauliza 2031 itakuwaje, watafungua au wataongeza. Piga hesabu ya samaki aliyeanguliwa mwaka 2021 marufuku hii ilipoanza: ikifika 2030 atakuwa ndiyo anakaribia nusu kilo, amepanda mto kutaga mara chache tu maishani. Mimi ningeongeza kumi mingine, na ikibidi lazima wafungue, basi wavue katikati ya ziwa, midomo ya mito isiguswe hata kwa ndoano moja.