Mhuri wa Duka Lisilokuwepo

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa akitafuta penseli kwenye droo ya meza yangu, akaibuka na mhuri wa mstatili wenye mpini wa mbao. Wino uliobaki kwenye raba yake ulikuwa umekauka siku nyingi, kwa hiyo aliutemea mate kidogo, akaugonga kwenye daftari lake la hisabati, juu kabisa ya zoezi la kugawanya. Maandishi yalitoka hafifu lakini yalisomeka. Aliyasoma kwa sauti: jina la duka la vyombo vya muziki, namba ya sanduku la posta, Dar es Salaam. Kisha akaniuliza, "Baba, duka hili liko wapi?"

Nilimwambia kwamba lilifungwa.

Mhuri ule ni wa mwaka 2013, mwaka ambao wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kuzigomea mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, na ambao kikundi chetu cha Vingunguti kilipata ruzuku ya shilingi milioni 4 na laki 2 kutoka shirika moja la hisani lililokuwa likisaidia muziki katika maeneo ya watu wa kipato cha chini. Andiko la mradi niliandika mimi, kwa usiku tatu, kwa sababu nilikuwa katibu na kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na kompyuta. Nilijifunza haraka kuandika "walengwa" pale nilipotaka kusema watoto, na "stadi za maisha" pale ambapo mwenyekiti wetu angesema tu kwamba mtoto anayepiga ngoma ya chapuo jioni hachezi kamari barazani kwa watu. Nikiwa katikati ya kazi hiyo nilikuwa nikiusikia mchiriku kutoka mtaa wa pili, muziki ambao vijana wa uswahilini waliuunda kwa vinanda vidogo vya Casio, ngoma na vipaza sauti vilivyochakaa bila kuandika andiko kwa mtu yeyote, na nilijiuliza kama wao ndio waliokuwa na akili.

Gitaa mbili, kinanda na spika tulivinunua Kariakoo kwa asubuhi moja. Mwenye duka alibonyeza mashine yake, karatasi ikatoka, tukaondoka. Zilizobaki zilikuwa ngoma nane: chapuo nne, vumi mbili na misondo miwili, na ngoma za namna hiyo, za mti wa kweli na ngozi ya kweli, haziuzwi kwenye duka lenye mashine.

Fundi aliyezitengeneza aliishi nyuma ya machinjio, mahali ambapo ngozi za mbuzi hupatikana kwa bei ya kuzungumza. Nilimkuta saa kumi jioni, amekaa kwenye kigoda uani kwake, mbele yake moto mdogo wa makumbi ya nazi ambao ulikuwa ukitoa moshi zaidi kuliko joto. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Ngoma saba zilikuwa zimesimama ukutani kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Ya nane alikuwa ameilaza mapajani, akiipitisha juu ya moto polepole, akiizungusha, kisha akiigonga kwa ncha ya kidole cha shahada pembeni mwa ngozi, mara moja tu, na kuinamisha kichwa. Akairudisha motoni. Akaigonga tena. Mara ndege iliyokuwa ikishuka kuelekea uwanjani ikapita juu yetu, chini kiasi cha kusomeka maandishi ubavuni, na yeye alisimamisha kidole hewani, akaisubiri ipite na mngurumo wake wote uishe, ndipo akaigonga. Nadhani alirudia mara kumi na mbili. Ngozi ilikuwa bado na mstari mwembamba wa manyoya meusi katikati, pale ulipokuwa uti wa mgongo wa mbuzi, na kadiri ilivyokaza ndivyo mstari ule ulivyoonekana kunyooka. Mwishoni aliipiga kwa kiganja kizima. Mtoto wa nyumba ya jirani, ambaye sikuwa nimemwona, alianza kucheza mlangoni.

Nilimhesabia shilingi 480,000, elfu sitini kwa kila ngoma, kisha nikamwomba risiti.

"Risiti ya nini, mwanangu?" aliuliza, kwa mshangao wa kweli. "Kwani unataka kuzirudisha?"

Nilimweleza habari za wafadhili, masurufu na ukaguzi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Kwa hakika hata sheria haikumdai mashine, maana mauzo yake ya mwaka mzima hayakuikaribia milioni 14 iliyokuwa kiwango cha kulazimika kuwa nayo. Nikaandika mapatano ya mauziano kwenye karatasi ya daftari, naye akaweka dole gumba. Dole lile lilikuwa na masizi, kwa hiyo hatukuhitaji wino.

Karatasi hiyo ilikataliwa. Afisa miradi, dada mpole ambaye sina neno baya juu yake, alinipigia simu na kunisomea mwongozo: risiti ya mashine, au kama mwuzaji hana mashine, risiti yenye mhuri wa duka. Bila hivyo ngoma zote nane zingehesabiwa kuwa matumizi yasiyothibitishwa, na awamu ya pili ya fedha, iliyokuwa ya kumlipa mwalimu, isingetoka. Nilimwambia aje azione ngoma zenyewe. Alijibu kwa huzuni, "Kaka katibu, mkaguzi hakagui ngoma."

Kesho yake nilikwenda Kariakoo kwa kijana anayechonga mihuri kibarazani. Sikuwa nimefikiria jina la duka mpaka aliponiuliza, na jina nililomtajia lilinijia palepale. Swali lake jingine lilikuwa moja tu, kama ninataka wa duara au wa mstatili. Kwa shilingi 10,000 duka likazaliwa.

Risiti niliijaza usiku, kwa mwandiko wa kuegemea kushoto ambao si wangu. Hapa ndipo panaponitatiza hadi leo, kuliko mhuri wenyewe. Kwenye bei sikuandika elfu sitini, niliandika elfu sitini na tano. Mwongozo ulisema kwamba usafirishaji wa vifaa na viburudisho ni mchango wa jamii, na jamii yenyewe ilikuwa mimi na mwenyekiti. Ile elfu arobaini ya ziada ilikwenda hivi: 18,000 kwa mwenye guta aliyezileta ngoma, 12,000 kwa uji na maandazi ya watoto siku ya kuzipokea, na 10,000 zikafidia gharama ya mhuri. Kwa maneno mengine, shirika lililipia chombo kilichotumika kulidanganya, na hesabu ilifunga bila kubaki hata senti. Sijawahi kufunga hesabu safi kama ile, hata kazini.

Nilimpelekea afisa risiti ofisini kwake. Aliisoma, akapitisha kidole gumba juu ya mhuri, na wino, ambao nilidhani umekwisha kukauka, ukaacha alama ya buluu kwenye kidole chake. Alikitazama kidole. Alinitazama mimi. Kisha akavuta kitambaa cha karatasi, akajifuta taratibu, akaitoboa risiti na kuiweka kwenye faili. "Watoto wanaendeleaje?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba wanaendelea vizuri, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Awamu ya pili ilitoka. Mwalimu alilipwa miezi mitano, mradi ukaisha, bango likashushwa. Kinanda chenye risiti halali kiliungua umeme uliporudi kwa nguvu kabla hata ya mwaka kwisha. Ngoma mbili kati ya zile nane bado ziko kwa mwenyekiti na hutoka siku za harusi. Nimezisikia mwezi wa tatu mwaka huu, na moja imewambwa ngozi mpya. Fundi amefariki. Kwa nini mhuri sikuutupa, siwezi kueleza.

Jumatatu jioni daftari lilirudi limesahihishwa. Mwalimu ametia vema majibu yote isipokuwa mawili, na kando ya mhuri ameandika kwa kalamu nyekundu, "Hii ni nini?" Binti yangu amekaa hapa pembeni na penseli yake, anataka nimsaidie kuandika jibu.