Kumbukumbu ya mshipi wa rili: kutoka kusi hadi kaskazi, Mtwara

Aprili

Kusi imeanza kuvuma, maji ya Shangani yamechafuka, na mimi nimezitoa barazani rili zangu zote, yaani mashine za kukunjia mshipi kwenye fimbo za kuvulia. Nataka kufuatilia jinsi mshipi unavyochakaa katika bahari yetu hii, ili nijue lini hasa wa kubadilishwa. Wenye fimbo wengi husema ubadilishe kila mwaka. Wavuvi wa mkono, wazee wa Msangamkuu na Mikindani, watakwambia mshipi haubadilishwi mpaka ukatike. Mimi naona pande zote mbili zinauhesabu mshipi kama kitu kimoja kinachozeeka kwa pamoja, na hapo ndipo nina shaka.

Rili ya pwani ina nailoni ya kilo 10, yaani uzito iliyoandikiwa kubeba kabla ya kukatika, ya kurushia kutoka kwenye majabali nikitafuta changu na kolekole. Ile kubwa ina uzi wa kusuka, naichukua nikipata nafasi kwenye boti la kufuata nguru.

Juni

Bahari bado mbaya, kwa hiyo nimepima. Nimekata kipande cha nailoni upande wa ndoana na kingine kutoka ndani kabisa ya bobini, kile kigurudumu cha rili kinachozungushiwa mshipi, nikavilowesha vyote usiku kucha. Kulowesha ni lazima: nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungua nguvu, kwa hiyo kuipima ikiwa kavu ni kujidanganya. Kisha nikaning'iniza ndoo tupu ya lita 20 karibu na sakafu, nikawa namimina maji kidogo kidogo. Lita moja ni kilo moja, basi hesabu ni rahisi. Mshipi nimeuzungusha mara kadhaa kwenye kipande cha mwanzi laini kabla ya kufunga, kwa sababu fundo hupunguza nguvu, na nilitaka mshipi wenyewe ndio ukatike.

Kipande cha mbele kilikatika mapema mno, ndoo haijafika popote. Cha ndani kilibeba karibu na kilichoandikwa kwenye boksi. Mshipi mmoja, umenunuliwa siku moja, umekaa kwenye rili moja!

Sababu zinaonekana ukitulia nao. Jua huivunja nailoni taratibu, na kwenye bobini tabaka za juu huzifunika za chini. Mbele ndiko kunakopita kwenye matumbawe na chaza, ndiko kunakovutwa samaki akipigana, na ndiko mshipi unakojikunja kila unaporusha. Ndani hakuguswi na chochote.

Agosti

Sasa nikirudi kutoka pwani naukagua mshipi kabla ya kulala. Naupitisha kwenye pamba kavu. Palipokwaruzwa, nyuzi za pamba hunasa. Kisha ukucha. Nikihisi mkwaruzo nakata hapo hapo na kufunga ndoana upya, hata kama ni mita kadhaa zinazopotea. Mzee mmoja anayevua kwa mkono aliniangalia nikifanya hivyo akasema, "Mwanangu, sisi kidole ndicho kinatuambia. Mshipi ukikukwangua, usimpelekee chewa." Yeye huushika mshipi wake muda wote, kwa hiyo anaukagua bila kukusudia. Sisi wa rili hatuugusi, na nadhani ndiyo maana hukatika bila sisi kutarajia.

Dalili nyingine: nailoni iliyopoteza mng'ao na kuwa nyeupe kama imepakwa chokaa, au inayotoka kwenye bobini imejiviringa na ukiivuta hainyooki. Hiyo haina tiba.

Uzi wa kusuka una tabia zake. Ni polyethilini, haunywi maji wala haukumbuki mviringo wa bobini. Rangi kupauka si ugonjwa. Cha kuogopa ni manyoya: ukiona umeanza kuchambuka, jiwe limeshaula. Huu unaweza kudumu miaka, na mbele pakichakaa unaugeuza wote, wa ndani ukawa wa nje. Ila chini yake weka kwanza mita chache za nailoni, la sivyo uzi wote utateleza kwenye bobini huku breki ya rili imebana.

Oktoba

Maleleji, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi; kusi imekata. Nimefanya mabadiliko. Kwenye rili ya pwani nimetoa mita za mbele zinazofanya kazi, na zaidi kidogo, nikaunga nailoni mpya juu ya ile ya ndani ambayo bado nzima. Kiungo kiko ndani kiasi kwamba nikirusha hakigusi pete za fimbo. Nimeuvuta mshipi kupitia kitambaa kibichi ili ujipange kwa kubana, na nikajaza mpaka milimita 3 hivi chini ya ukingo wa bobini. Ukizidisha hapo, unamwagika wenyewe. Ukipunguza sana, haufiki mbali.

Kwa anayevua mara kwa mara huku kwetu, hesabu yangu ni hii: nailoni ya mbele kila msimu wa upepo unapogeuka, bobini nzima mara moja kwa mwaka au mapema pamba ikisema hivyo.

Nailoni ya zamani nimeikatakata vipande vifupi na kuifungia kwenye chupa. Kasa wanataga Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, na mshipi uliotupwa humzonga kasa mpaka akashindwa kupanda juu kupumua.

Kinachofuata ni kuugeuza uzi wa kusuka kabla kaskazi haijatulia na maboti ya nguru kuanza kutoka.