Mwaka mmoja na teria wa Skye hapa Moshi
Leo Simba, mbwa wetu wa aina ya teria wa Skye, ametimiza mwaka mmoja nyumbani, na moyo wangu umejaa shukrani. Mbegu hii ya kisiwa cha Skye, Uskoti, ni adimu hata Uingereza kwenyewe, ambako watoto wa mbwa hawa wanaoandikishwa kwa mwaka hawafiki 300. Kazi kubwa ni manyoya yake marefu yanayokaribia kugusa ardhi: kila jioni namchana taratibu hadi kwenye ngozi, nikitafuta kupe masikioni na katikati ya vidole, kwa kuwa magonjwa ya kupe huua mbwa. Hadi alipofikisha miezi 10 nilimbeba kila penye ngazi, maana miguu yake mifupi ingeweza kuumia angali anakua. Joto la Februari tunalikwepa kwa kutembea alfajiri, kilele cha Kibo cha Mlima Kilimanjaro kikiwa bado hakijafunikwa na mawingu.