Gari lilikaa miezi 14, likawaka, lakini halina nguvu

Nilipolitoa gari chini ya mwembe, nilifunga betri mpya na likawaka vizuri. Sailensi, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta, ilitulia. Shida ilianza barabarani: likifika kilomita 60 kwa saa, nikikanyaga mafuta linazubaa, na kwenye mlima linataka gia ya kwanza.

Niliambiwa ninunue plagi. Nikazifungua kwanza, zilikuwa nzima. Kwenye eya klina (kichujio cha hewa ya injini) nikakuta panya wamejenga, majani na vipande vya sponji vimejaa. Nilisafisha, nikaweka mpya. Gari likachangamka kidogo tu.

Hapo nikamwomba fundi apime presha ya petroli. Likiwa sailensi, geji ilikuwa sawa. Akikanyaga, mshale unashuka karibu nusu. Yaani injini ilikuwa na njaa. Kipimo hicho ndicho ningeanza nacho, maana kinachukua dakika chache.

Tukatenganisha betri, tukaenda mahali pa wazi pasipo na moto, tukainua kiti cha nyuma na kuchomoa pampu ndani ya tangi. Kile kichujio cha wavu kilicho chini yake kilikuwa cheusi, kinanata kwenye vidole kama ulimbo, na petroli ilinuka vanishi. Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu nyepesi huvukiza na inayobaki huharibika na kuacha utando unaonata.

Tulimwaga mafuta yote, tukaosha tangi, tukabadilisha wavu na filta. Pampu yenyewe ilikuwa nzima. Jioni ileile nilipanda mlima uleule kwa gia ya tatu.