Nilivyoitumia akili unde kufundisha historia Lamu

Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali na kuandika insha, ilipotolewa kwa umma mwezi wa Novemba mwaka 2022, insha za wanafunzi wangu wa sekondari hapa Lamu zilianza kufanana: lugha imenyooka, aya zimepangika, lakini mwenyewe akiitwa mezani aeleze alichokiandika, anainamisha kichwa. Kupiga marufuku kusingefaa kitu, kwa kuwa simu ziko nyumbani na kazi ya ziada hufanyiwa huko huko.

Niliamua kuileta programu hiyo darasani mchana kweupe. Tuliiuliza kuhusu Vita vya Shela, kijiji kilicho karibu na mji wa Lamu, na majibu yakaonekana ukutani kwa projekta. Ilieleza, kwa ufasaha na bila kusita, jinsi watu wa Lamu walivyopigana na Wareno. Darasa liliangua kicheko, maana waliotua Shela yapata mwaka 1812 walikuwa Wapate, yaani watu wa kisiwa jirani cha Pate, pamoja na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakashindwa, na baada ya hapo ndipo Lamu ilipoomba hifadhi kwa Sayyid Said, mtawala wa Omani. Niliwaeleza kwamba programu ya aina hii haikumbuki tukio lolote, bali hukadiria neno linaloelekea kufuata kutokana na maandishi iliyofunzwa, ambayo mengi ni ya Kiingereza. Penye maandishi machache kuhusu kwetu, hujaziliza kwa yale yaliyozoeleka.

Kuanzia hapo jibu la programu likawa ndilo swali. Mwanafunzi hulileta likiwa limepigiwa mistari, na kando ya kila dai huandika amelithibitisha wapi: kitabuni, kwenye makumbusho ya ngome, au kwa mzee wa mtaa wake. Mmoja aliandika pambizoni, “Mwalimu, hili babu amelikataa,” kisha akazitaja sababu za babu. Alama hutolewa kwa uthibitisho huo na kwa maelezo ya mdomo.

Faida nimeiona hasa kwa wanyamavu, ambao huiomba programu iwarahisishie kifungu kigumu mara kadhaa bila kuona haya, jambo ambalo mbele ya wenzao hawalithubutu. Majina na habari za nyumbani nimekataza kabisa yasiingizwe, kwani Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumiwa.

Kusikiliza maelezo ya mdomo kunakula muda mwingi, kwa hiyo insha nimezifupisha hadi ukurasa mmoja.